Malaika Niliyemkataa

Wenzangu mliokulia Mji wa Kale miaka ya tisini mtanielewa nikisema kwamba televisheni ilikuwa na mwenyewe, lakini haikuwa yake peke yake. Nyumbani kwetu mwenyewe alikuwa Mama Neema, mpangaji wa ghorofa ya juu, Mtaita aliyekuwa karani bandarini. Shule zikifungwa Disemba, tuliiacha kamba ya kuruka pale pale kichochoroni, tukapanda ngazi mbio na miguu ya vumbi, naye akatusimamisha mlangoni mpaka kila mmoja afute nyayo kwenye gunia. Kisha tunajipanga mkekani, mabuyu mdomoni, ndimi nyekundu, tunangojea picha ianze. Picha yenyewe ya Kizungu, haina rangi, na antena lazima ishikwe na mtu. Watoto wa siku hizi simu ikikwama kidogo tu huguna kama waliodhulumiwa urithi.

Krismasi moja walionyesha picha ya sikukuu ambayo sijaisahau. Mwenye duka mmoja alikuwa amekata tamaa na maisha, theluji inaanguka, naye anafunga milango yake huku akilia. Hapo akatokea mzee wa kofia ya mviringo, koti limejaa unga, akamwambia kuwa yeye ndiye malaika wake mlinzi. Tulicheka sana. Malaika gani ana unga mpaka kwenye nyusi? Neema, binti wa Mama Neema, alisoma shule ya Kizingo na Kiingereza alitushinda sote, basi tukamwuliza mzee yule katokea wapi. Akasikiliza kidogo, akatufasiria kwa uso wa mwalimu.

"Zamani alikuwa mtu. Alikuwa akioka mikate. Akashikwa na kifua, akafa, ndipo akafanywa malaika wa kumlinda huyu."

Wenzangu wakaendelea kucheka. Mimi nikalitoa buyu mdomoni.

Maana sisi huko chini tulikuwa na Nyanya, mama yake mama, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa mkate wa sinia. Asubuhi tuliamshwa na harufu ya iliki na tui, makaa chini ya sinia na makaa juu yake, naye amekaa kwenye kibao, leso kiunoni, unga wa mchele umemganda mpaka kwenye viwiko. Na wiki ile Nyanya alikuwa mgonjwa wa kifua. Alikuwa akikohoa mpaka anashika ukuta, mkate hapiki, na mama alikwisha sema kuwa kesho yake atampeleka hospitali. Tena Nyanya alikuwa na maneno yake: kila nikitoka kwenda dukani au chuoni kusoma Kurani, huniambia, "Nenda, mimi nakuangalia." Nikayaweka yote pamoja, mikate, kifua na kule kuangaliwa, nikaona jambo limekwisha pangwa. Nyanya alikuwa anaondoka ili awe malaika wangu.

Sikungoja picha iishe. Nilishuka ngazi nikamkuta amelala, mito miwili mgongoni, mama anamsugua mafuta ya mkaratusi. Nikasimama mlangoni nikasema, "Nyanya, mimi sitaki malaika. Mwambie Mungu ampe mwengine."

Mama akanigusa shingo kuangalia kama nina homa. "Ana nini mtoto huyu?"

"Mwache," Nyanya akasema. "Ndoo hapa, mjukuu wangu. Malaika gani huyo usomtaka?"

Nikamweleza yote, kilio na makamasi, kuanzia theluji mpaka unga wa kwenye nyusi. Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kile kilinitia hofu, nikamshika mkono kwa nguvu zangu zote. Kilipotulia akanivuta nikakaa kando yake.

"Sikiza. Malaika hawakuwa watu hata siku moja. Mungu kawaumba kwa nuru, wala hangoji mtu afe ndipo akupe wewe. Wako walikuja nawe siku ulozaliwa. Tukimaliza kuswali, tukatoa salamu kulia na kushoto, wadhani twausalimia ukuta?" Akapumua kwanza. "Na mimi hata nikifa sitakuwa malaika. Nitabaki nyanya yako. Haya, nipe maji."

Sijui niueleze vipi wepesi nilioupata. Kesho yake alikwenda hospitali, akalazwa, na mimi sikulia tena, ingawa kila gari likisimama barabarani nilichungulia. Akarudi na chupa ya dawa chungu ambayo alimwonjesha kila aliyekuja kumtazama ili aamini ni chungu kweli. Kisha asubuhi moja nikaamshwa na harufu ya iliki. Nilibaki kitandani nimefumba macho, nimetulia, nainusa tu, moyo mweupe. Siku hiyo mimi ndiye niliyepeleka sahani juu kwa Mama Neema. Neema akashikilia kuwa yeye alifasiri sawasawa, nami nikamwambia ya picha ni ya picha.

Nyanya aliishi mpaka akanioza, akampakata binti yangu, akafa mzee kabisa, mikono yake haina unga. Ile nyumba bado ipo. Ghorofa zote sasa zina televisheni na zote zimefungwa milango, hakuna anayemfutisha mtoto wa mwenzake nyayo. Mkate wa sinia tunaununua umefungwa plastiki, na iliki yake lazima uitafute. Mwaka jana nilimsimulia binti yangu ile picha. Kabla sijafika kwenye unga ameshaipata kwenye simu, akanisomea mwisho wake: mwenye duka anafungua duka asubuhi, na malaika, kazi yake imekwisha, anaondoka. Miaka yote ile sikuujua mwisho, na nilishukuru kwamba sikuungoja.

Nikimaliza kuswali hutoa salamu kulia na kushoto kama alivyonifundisha, na malaika wangu nimewapa haki yao. Kisha hubaki nimekaa kidogo pale kwenye msala. Nyanya hayumo katika salamu hiyo, alikataa mwenyewe. Yeye namwombea peke yake, kwa jina lake lile lile alilosema atabaki nalo.