Mkate wa Jumamosi na Hati Isiyo na Mwisho

Serafim Toste hajui kunong'ona. Amekamua ng'ombe miaka hamsini na miwili katika bonde letu la San Joaquin, hapa California, na leo akiwa na miaka themanini na minne bado anazungumza na watu kana kwamba wako upande wa pili wa zizi. Akiungama kanisani, sisi tulio kwenye foleni tunazijua dhambi zake zote. Si nyingi, na nyingine anazirudia kila mwaka.

Tunampenda, ila anachosha. Mimi ni Lurdes. Kazi yangu ni kushuhudia saini za watu na kuzipigia muhuri, kwa hiyo mambo ya nyumba za mji huu nayajua kuliko padri. Miaka kumi na tisa iliyopita, Serafim alimuuzia Idalina, binti yake wa ubatizo, nyumba iliyo jirani na ukumbi wa sikukuu ya Roho Mtakatifu. Idalina alikuwa amefiwa na mumewe, na kila benki ilimfungia mlango. Mzee akamwambia amlipe yeye mwenyewe, kidogo kidogo. Hati ya dhamana ikaandikwa, nyumba ikawa rehani, ikasajiliwa wilayani. Lakini mahali pa tarehe ya kumaliza deni, Serafim alipiga mstari. Kwetu watu wa Azori, visiwa vya Ureno walikotoka wazee wetu, kumwekea mtoto wa ubatizo siku ya mwisho ni kama kuhesabu vipande vya nyama kwenye sahani ya mgeni.

Tangu hapo, kila Jumamosi Idalina humpelekea mkate mtamu wa moto, na juu yake bahasha ya malipo.

Mwaka huu Idalina aliona tanuri kubwa la mtumba, akataka kufungua duka la mikate. Benki ikakubali kumkopesha kwa sharti moja: hati ile irekebishwe, itiwe tarehe ya mwisho. Hawakutaka kupanga foleni nyuma ya deni lisiloisha. Mwenye tanuri alimpa mpaka Ijumaa. Alhamisi tukaenda kwa mzee na waraka wa marekebisho, una nafasi moja tupu.

"Tarehe ya nini?" alifoka. "Kwani mimi nimekudai?"

"Hujanidai, Baba. Ndiyo taabu yenyewe."

"Basi rudi ukaoke."

"Nioke kwa jua? Tanuri linaondoka kesho!"

"Liondoke! Hilo ulilo nalo lina kasoro gani? Mkate wake nakula, na sijafa."

Hasira zikanipanda. "Mjomba, dawa ya deni ni kulipa. Sasa wewe unamnyima mwenzio siku ya kumaliza kulipa, ni wema gani huo? Unataka azikwe na rehani yako?"

Akainuka. Nilidhani anatufukuza. Kumbe aliufuata mkate tuliomletea, akaushika kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia akisema kwa sauti ya chini.

"Akimaliza, Jumamosi atakuja nani?"

Niliona haya. Miaka yote nilimwona mkarimu mwenye kelele, wala sikuwahi kufikiri kwamba anaogopa.

Idalina alicheka, machozi yanamtoka. "Baba! Kumbe ulidhani naleta deni? Mimi naleta mkate. Bahasha imepewa lifti tu!"

Mzee akamtazama, kisha akaangua kicheko mpaka mbwa wakabweka. Akanyakua kalamu, akaandika tarehe atakayotimiza miaka mia.

"Nikifika, tutakula supu ya nyama ya sikukuu ukumbini."

"Na usipofika?" nikamuuliza.

"Nitakuja vilevile, nione nani anaificha nyama ya supu kwenye mkoba aende nayo nyumbani. Wewe hasa, Lurdes!"

Wakatia saini wote wawili. Sheria yetu inataka na alama ya dole gumba kwenye daftari langu. Dole lake halikuacha hata mstari mmoja. "Ng'ombe wameilamba mistari yote," alisema kwa majivuno. Nikajaribu kidole kingine, kikaacha alama hafifu, nami nikaandika kando: vidole vimesagika kwa kazi. Kesho yake benki ikaridhika, na jioni tanuri likashushwa kwa Idalina.

Jumamosi nikapita kwa mzee. Mkate wa kwanza wa tanuri jipya ulikuwa mezani, na Idalina anaukata. Serafim akanipa bahasha nimsomee, kwa kuwa miwani ameipoteza tena. Juu yake Idalina alikuwa ameandika: *Bahasha, mpaka miaka mia. Mkate, hauna tarehe.*

"Piga muhuri!" akaamuru.

"Sheria hairuhusu, Mjomba."

"Sheria, sheria!" Akachovya dole gumba kwenye siagi, akalibonyeza kwenye bahasha kwa nguvu zake zote, akaikunja na kuitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Nililia, wala sioni aibu kusema. Halafu akaniuliza kwa kelele kama naukodolea macho mkate au nitakula.