Maji ya Manjano ya Sugiya Devi

Umewahi kumwita mwongo, mbele za watu, mtu aliyekuwa anamwokoa mama yako? Mimi nimewahi, pamoja na elimu yangu yote ya chuo.

Sugiya Devi, mjane wa kijijini kwetu kando ya mto Ganga, huwanawisha wagonjwa wa umanjano. Huwapaka mikononi maji ya gome la mti, kisha humimina maji ya chokaa. Yanayodondoka kwenye beseni ni ya manjano, na watu hushangilia kwamba ugonjwa umetoka.

Macho ya mama yalikuwa ya manjano wiki nzima. Hospitali hakutaka kuisikia. Alimtaka Sugiya tu. Akaenda kwake, nami nikamfuata nikichemka.

"Shangazi, unadanganya watu! Hata mimi mzima, ukininawisha maji yatageuka manjano!"

"Hata mbuzi wako, msomi," alijibu bila kuinua macho. "Kaa chini, unaniziba mwanga."

Watu wakacheka. Yeye alikuwa akitazama alama za kujikuna mikononi mwa mama.

"Dada, choo chako kina rangi gani?"

"Jamani, mbele za watu!"

"Sema."

"Cheupe. Kama udongo mkavu."

"Na mkojo kama chai ya rangi?"

Mama akaitikia. Sugiya akambonyeza chini ya mbavu za kulia, mama akapiga yowe. Maumivu yalimwanza baada ya kula puri, mikate ya kukaangwa mafutani, harusini, yakapanda hadi begani. Tangu jana alikuwa akitetemeka kwa homa.

Sugiya akamwaga beseni. "Umanjano wa maji machafu mara nyingi huisha mtu akipumzika. Huu una kizibo. Jiwe la nyongo limekwama njiani. Hospitali, leo hii."

"Ninawishe tu, Sugiya."

"Mume wangu nilimnawisha siku kumi na moja, dada. Ya kumi na mbili tukauchoma mwili wake kando ya mto."

Mama akainuka. Mimi nilikuwa nimemhubiria wiki nzima bila yeye kutikisika.

Jioni ile daktari alimpitishia mpira mwembamba mdomoni, akatoa jiwe dogo kama punje ya dengu. Nyuma yake ukafuata usaha. "Mngechelewa siku moja..." alisema, asimalize.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Sugiya wodini, amekuja na basi la kwanza. Mama alikuwa ameomba chakula. Sugiya akamnawisha mikono kwa maji matupu ya bomba, yakaanguka kwenye beseni bila rangi yoyote.

"Haya, msomi, njoo ukague."

Niliinama, nikagusa miguu ya Sugiya, kama tunavyowaheshimu wakubwa kwetu.