Niachie Ukingo Mmoja, Mwanangu

Kuna alasiri moja ya Awendo ambayo nikiikumbuka, Akinyi mwanangu, hucheka huku uso ukinichoma. Mama yangu alikuwa amefunga safari kutoka Homa Bay kuja kuona nyumba yangu kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Alifika mlangoni, akachungulia, akageuka na kuketi barazani. Hapo barazani ndipo alipokaa mpaka wakati wa kurudi kwao. Ndani hakutia mguu.

Nakusimulia haya kwa sababu ya simu yako ya juzi. Uliniambia, "Mama, usikuje Isebania kwanza. Ni chumba kimoja tu na bado haijakaa vizuri. Wacha kwanza nibandike zile karatasi za maua nimeona kwa simu, na taa za rangi." Nikakujibu sawa, upesi upesi, kwa kuwa maziwa yalikuwa yanataka kufurika jikoni. Sasa maziwa yameshuka. Kaa nikueleze.

Baba yako wakati huo alikuwa dereva wa trekta za miwa, na tulikuwa tumepanga chumba katika ploti ya Mama Yunia, mjane mwenye maneno machache na macho makali. Tulikuwa na kitanda, meza, viti vya mbao na redio. Niliposikia mama anakuja, nikashikwa na wazimu wa urembo. Nilifuma vitambaa vya kufunika viti, meza, redio, hata ndoo ya maji. Nilikata picha za maua kwenye kalenda kuukuu nikazibandika ukutani kwa uji wa unga wa ngano, na mende wakapata karamu ambayo hawakuitarajia. Baba yako aliporudi kazini alisimama katikati ya chumba, akaitazama redio, akaniuliza inaolewa lini, maana tayari imevaa shela.

Kati ya viti na kitanda nikatundika pazia la lesi. Lesi yenyewe ilikuwa nyeupe, nyepesi, imejaa vipepeo, na wasichana wote wa Awendo walikuwa wakiililia. Nami nilijiona nimemaliza kazi.

Unajua ilivyo kwetu. Maro, yaani mama mkwe, hatazami kitanda cha mume wa binti yake. Ni heshima, na mama yangu aliishika kama alivyoshika ibada ya Jumapili. Sasa fikiria: mlango ukafunguliwa, jua likaingia moja kwa moja, lesi ikawa kama haipo. Kitanda kikaonekana chote, na suruali ya kazi ya baba yako ikining'inia kichwani pake. Mama akafumba macho kabla hata hajanisalimia.

Hakunikaripia. Jioni alipokuwa akiondoka aliniambia kwa upole, "Nyathina, mwanangu, nitakuja tena siku utakuwa na mahali pa kunikalisha." Upole ule ndio ulioniuma. Miguu yake ilikuwa imeanza kumsumbua na safari haikuwa fupi. Niliogopa kwamba hatarudi, kwamba nitazeeka katika nyumba ambayo mama yangu hakuwahi kuingia. Nililia kweli kweli.

Mama Yunia aliingia bila hodi, akazungusha macho ukutani.

"Mkono wako ni mzuri," akasema. "Lakini umepamba penye hakuna mtu ataangalia, na penye mamako hafai kuona umeacha wazi. Ulikuwa unapambia nani hii nyumba?"

"Mama yangu."

"Hapana. Ulikuwa unapambia majirani. Mamako ulimsahau."

Niliudhika, sikufichi. Nilijiambia bibi huyu ajishughulishe na kuku wake. Lakini maneno yake yalilala nami na kuamka nami. Nikaanza kumfikiria mama mwenyewe: anapenda nini, macho yake yamezoea nini. Mama alikuwa mfumaji wa mikeka ya mafunjo. Nimekulia juu ya mikeka hiyo, nikimshikia kamba huku upepo wa ziwa ukitupulizia vumbi la majani. Na mimi hapa nilikuwa namngojea kwa lesi ya vipepeo.

Basi nikaishusha lesi. Baba yako akaniletea fito za mkaratusi, tukaziunga kuwa fremu ya ukuta wa mkeka mbele ya kitanda, iliyofika karibu na dari. Tulikata mafunjo kule mtoni, nikayaanika nyasini mpaka yakakauka vizuri. Mengine niliyachemsha katika rangi ya unga, ile ya zambarau, ili mkeka upate mistari. Kuku wa Mama Yunia akakanyaga ndani ya beseni la rangi iliyopoa, akazunguka ploti nzima na miguu ya zambarau kama askofu. Mikono yangu nayo ilikataa kutakata, na kanisani watu wakawa wanaitazama kabla ya kuishika. Sindano ilikuwa spoki ya baiskeli iliyonolewa, kama ya mama. Baba yako alishika upande mmoja, mimi nikashona upande wa pili, tukigombana kuhusu nani amepinda. Katika maisha yetu yote ya ndoa, siku zile nazihesabu kati ya tamu kabisa.

Kazi iliendelea vizuri hadi nilipofika ukingoni. Ukingo wa mkeka una fundo lake, na nilipokuwa msichana sehemu hiyo nilikuwa naikimbia, mama anaimaliza mwenyewe. Ule wa juu niliufunga kwa kubahatisha. Ule wa kando ulinishinda kabisa, ncha za mafunjo zikabaki zimechomoza kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Nilikuwa nimemtumia mama ujumbe kwamba mahali pa kumkalisha papo, na sasa habari zikafika kwamba yuko njiani. Nikakimbilia vitambaa vyangu nifunike ile aibu. Mama Yunia, aliyekuwa akipita, akasema tu, "Wacha hivyo."

Mama akafika. Baba yako alimsalimu kwa mbali, macho chini, kisha akakumbuka ghafla kwamba trekta ina shida. Mama akasimama mlangoni. Akatazama ukuta ule wa mafunjo na mistari yake ya zambarau, kutoka juu mpaka chini, na kitanda hakikuonekana hata kidogo. Akavua viatu. Akaingia, mwanangu. Akaketi kwenye kiti changu, nami nikageuka kuelekea jiko asione machozi.

Nilipogeuka tena, alikuwa anapapasa lile fundo langu.

"Nani alikufundisha kufunga hivi?"

"Wewe, mama."

"Mimi? Mimi sijawahi kufunga vibaya hivi tangu nizaliwe. Leta sindano."

Alishona alasiri yote. Mikono ikishona, mdomo nao ukafunguka: habari za nyumbani, za kwaya, za jirani aliyenunua ng'ombe asiyetaka kukamuliwa. Akaniambia jiko nilisogeze karibu na dirisha. Akaomba chai, kisha akaomba nyingine, jambo ambalo sikulitegemea kabisa kwa mama yangu. Alipomaliza ukingo alikata kamba kwa meno, akaupitishia kiganja.

"Sasa hapa ni kwangu pia," akasema.

Nimelifikiria neno hilo miaka mingi. Kama ningeumaliza ukingo ule, mama angeketi pale kama mgeni, mikono mapajani, akisifu. Kwa kuwa haukwisha, alipata kazi, na kwa kazi hiyo akaingia nyumbani mwangu sawasawa.

Basi nikushauri, mwanangu, na umwambie na mwenzio. Usiningojeshe kwa sababu ya karatasi za ukutani. Kabla ya kupamba, jiulize ni nani atakayeketi hapo, uanzie kwa huyo. Mimi ndiye maro sasa, kwa hiyo anza na pazia, na liwe zito. Gunia la katani lililofuliwa linatosha, au leso mbili nzito kutoka upande wa Sirare, ng'ambo ya mpaka, zikishonwa pamoja. Tia urembo wako kwa uzi, hata mshono ukienda mrama. Mume wako ashike upande mmoja, mgombane kidogo, mcheke. Taa za rangi zitakuja zenyewe wakati wake, nami nitazifurahia kama mtoto.

Ila pazia hilo usilimalize. Nitakuja wiki ijayo na sindano ya spoki ya mama mwenyewe, ile aliyoniachia. Niachie ukingo mmoja.

Mungu aibariki mikono yenu, wewe na mume wako. Awape chumba kinachoonekana kuwa kidogo kwa sababu ya watu wanaopenda kukaa ndani yake. Na siku binti yako naye atakapokuambia usije kwanza, akupe Mungu miguu ya kwenda hata hivyo.