Mtoto Kwenye Mizani ya Pamba

Jumatatu iliyopita, hapa Mbale, mizani yetu ya kupimia watoto iliharibika, tukaazima ya mnunuzi wa pamba. Tangu nifiwe na mke wangu kule Jinja, nafanya kazi na shirika la ng'ambo linalowapa maziwa watoto waliodhoofika.

Mama mmoja akamkumbatia mwanawe. "Bwana, mizani hii hutuibia pamba kila msimu. Leo imwibe na mtoto?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, kwa kuwa daktari alikwisha kumwambia kwamba mtoto asipoongezeka uzito atalazwa.

Hatimaye akamweka kwenye kapu la mizani. Nikasoma mshale, nikalinganisha na kadi yake ya mwezi uliopita: ameongezeka ratili mbili.

Mama akarusha mikono juu. "Mbili hizo ni baada ya kuibiwa!" akawapigia wenzake kelele. "Za kweli ni nne!"

Nilisomea hesabu chuoni, nami sikuona la kusahihisha.