Mtu wa Kunitwika

Jirani yangu alikuwa anamwona Mungu kila wiki, na mimi nilikuwa simwoni. Jambo hilo lilinikera kuliko yote ya mtaa wetu wa Ilembo, kuliko vumbi la kiangazi na ng'ombe wanaopita kwenye bustani yangu ya mchicha.

Nianze na lile kaa la moto. Jumuiya yetu ya kanisa husali Jumamosi jioni, leo nyumba hii, wiki ijayo ile. Baada ya kusoma Injili kila mtu hupewa nafasi ya kushirikisha, aseme Neno limemgusa vipi katika maisha yake. Jirani yangu ni mjane aliyehamia huku kutoka Mpimbwe, mwembamba, sauti yake inakwaruza. Jumamosi moja aliinuka akasema, "Mimi wiki hii niliishiwa kiberiti. Asubuhi nikachokonoa majivu, nikakuta kaa moja bado linawaka, jekundu kabisa. Nikasema, ee Mungu, kumbe ulilala humu humu jikoni kwangu!"

Watu wakaguna ile miguno ya kuguswa. Katekista akavua miwani akafuta macho. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikiwaza viberiti vilivyopangwa kabatini kwangu. Huwa nanunua pakiti nzima, kwa sababu sipendi kuishiwa. Sasa Mungu angenijia wapi?

Msidhani sikujitahidi. Rozari nilisali kila siku, Kwaresima nilifunga bila kuibia, na sare za kina mama wa parokia nilizishona kwa mkono wangu, maana ndiyo kazi yangu. Cherehani yangu ipo sokoni Mpanda mjini, kwenye baraza ya duka la Mwislamu mmoja muungwana ambaye hunikumbusha hata sikukuu zangu mwenyewe. Zamu yangu ya kushirikisha ikifika nilitoa maneno mazuri, niliyoyaandaa nikipiga pasi. Watu waliitikia "amina," halafu wakageuka kumsikiliza yeye. Nilijua kuongea kuliko yeye, ila sikuwa na kitu cha kusema.

Nilimwonea wivu. Haukuwa wivu wa kitenge wala wa mume, huo naujua na unapita. Huu ulikuwa wa mtoto anayemwona baba yake akimpakata mwenzake. Nilikuwa nikipiga magoti kusali huku sikio langu liko ng'ambo ya ua, nisikie kama kwake kuna kitu. Nilichosikia ni kuku.

Kisha jumuiya ikapangwa kusalia kwangu. Nyumba yangu, makochi yangu, picha yangu ya Moyo Mtakatifu ukutani, halafu yeye ndiye aje kumwona Mungu humo humo mbele ya macho yangu? Nikaapa kwamba safari hii nitakuwa na langu. Na kwa kuwa Mungu alionekana kupenda upande wake, niliona nimfuate huko huko jirani anakomwona.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo niliwaacha mabinti zangu wakideki, nikamwita kwenye ua.

"Jirani, leo unaenda shamba?"

"Naenda. Karanga zimekomaa, nang'oa."

"Twende wote."

Akanitazama miguuni, akaona kandambili. "Wewe? Mpaka shambani Kasokola?"

"Kwani Kasokola kuna simba?"

Alicheka mpaka akashika kiuno. Hata hivyo alinipa jembe.

Nilimchunga siku nzima. Akiinama, nami nainama. Nilingoja asimame ghafla, atazame juu, macho yalowe, nijue kwamba ni hapa. Wapi! Aliwatukana ngedere waliofukua mistari ya pembeni. Aliulalamikia mgongo. Tulipokaa kivulini kuchambua karanga, alinisimulia habari ndefu ya kuchosha ya ng'ombe walioingia kwenye mahindi yake, kisha akala kiporo chake cha ugali na mlenda, akasinzia mdomo wazi. Nilimtazama akikoroma nikajiuliza, ni huyu kweli?

Jua lilipogeuka tulijaza karanga kwenye gunia, akalifunga. Mimi nilikuwa nimechoka, vidole vimechubuka, wageni wanakuja kwangu jioni, na sikuwa nimeona chochote. Nilisimama kando ya lile gunia nikiwa nimenuna. Nikashika upande wangu, yeye akashika wake, tukalinyanyua. Nililisukuma kichwani mwake kwa hasira kidogo.

"Twende bwana, tunachelewa," nikamwambia.

Akaiweka sawa kata chini ya gunia, akatangulia. Mimi nilifuata nyuma na majembe mpaka barabarani.

Jioni sebule ilijaa. Injili ikasomwa. Jirani yangu alikuwa ameoga, amejipaka mafuta.

"Nyie hamjui shida ya mtu anayelima peke yake," alisema. "Kulima sio shida. Shida ni kutwika. Mzigo unaufunga mwenyewe, lakini kichwani haupandi mwenyewe. Mimi nikimaliza naukokotaga mpaka njiani, nakaa chini naomba: Mungu, niletee mtu. Siku nyingine anapita mfugaji ananitwika. Siku nyingine hapiti mtu, naficha nusu vichakani, narudi na nusu. Leo nimefunga gunia, nikataka kuanza kuomba. Nikainua macho, nikamkuta ameshasimama pale."

Akaninyooshea kidole.

"Amenuna, lakini yupo."

Watu walicheka, kisha wakaguna. Walikuwa wanaguna kwa ajili yangu, na sikufurahi hata chembe. Moto ulinipanda usoni. Nilimtafuta Mungu tangu asubuhi, nikachubuka vidole nikimtafuta, kumbe alipitia kwenye mikono yangu miwili, na bado aliyemwona ni yeye! Hata akija kwangu, anaonwa na jirani. Nilitaka kulia.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa na maneno ya akiba kuhusu mbegu na udongo mzuri, lakini yaligoma kutoka. Nikasimama na kusema, "Mimi namwonea wivu huyu." Nikakaa.

Hakuna aliyeguna. Katekista alikohoa, akaanzisha wimbo. Jirani yangu peke yake ndiye aliyekuwa ananiangalia, na hakuwa anacheka.

Jumatatu sikwenda sokoni. Nilivaa viatu vya kufunga, nikamwita kwenye ua, tukaenda kumalizia mistari iliyobaki. Ngedere walikuwa wamerudi, naye aliwatukana vilevile. Gunia lilipofungwa aliinama kulishika, nikamzuia.

"Leo nitwike mimi."

Alinitazama shingo, kama anapima itahimili. Kisha akaikunja kanga yake kata, akaniwekea kichwani. Tukainama pamoja, gunia katikati yetu, nyuso zimekaribiana kabisa. Nilikuwa sijawahi kumwona karibu hivyo. Alikuwa na udongo kwenye nyusi, jasho linamshuka puani, na mdomo aliukaza kwa sababu alikuwa anabeba sehemu kubwa ya uzito ili mimi nisiumie. Gunia likapanda, likatulia. Mikono yake haikuliachia mara moja, ilingoja mpaka shingo yangu izoee.

Mimi sikuondoka. Nilisimama pale pale nimemkodolea macho.

"Mbona husogei?" akauliza. "Umeona nini?"

"Bado natazama," nikamwambia.