Mama Alipotoweka Kwenye Kioo

Msiniambie uchawi. Mama yangu alitoweka mbele ya daktari, mchana kweupe, na mkono wake nilikuwa nimeushika mimi.

Sisi tuko kisiwani Bumbire. Daktari yuko ng'ambo ya ziwa, Bukoba mjini. Zahanati yetu ililetewa tableti: nesi Joanitha anaisimamisha mezani, unakaa mbele yake, daktari anakuona kupitia kioo chake.

Mama alikohoa miezi miwili. Akilala chali, pumzi zinambana. Dawa ya kikohozi chupa nne, wapi! Na kwenye boti hapandi tangu baba azame. Kwa hiyo tableti ikigoma, mama ndiyo basi.

Tulisubiri mtandao masaa matatu. Mwishowe akatokea Dokta Kamala, mzee wa mvi. Kwa wema wake akasalimia Kihaya.

"Wasibota, mae?"

Mama akashuka kwenye kiti, akapiga magoti.

Kwenye kioo cha daktari ukabaki ukuta mtupu.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Yupo, dokta! Anakuamkia!"

Nikamwinua. Daktari, akidhani hakusikika, akarudia. "Wasibota?"

Mama huyo, chini tena!

Nilitaka kulia. "Mama, ile ni picha tu!"

"Damian," akanijibu huku anahema, "mtu mzima wa mvi nimwamkie nimekaa, mimi nani? Ndivyo nilivyokulea?"

Mtandao ukaanza kusuasua.

"Kama hayupo, niitieni anayefuata," daktari akasema.

Nikapandwa na hasira. Nikaikwapua tableti, nikaiweka sakafuni.

"Haya, muone huko huko!"

Nikajua nimeharibu.

"Usiinue," daktari akasema. "Sogeza miguuni."

Kitenge kilikuwa kimepanda. Jamani, ile miguu! Imevimba, ngozi inang'aa. Joanitha akabonyeza kidole, pakabaki shimo.

"Hilo si la kikohozi," daktari akasema. "Ni moyo. Aletwe leo hii."

Miezi miwili tunaishi nyumba moja, na sikuwahi kuiona. Naona aibu mpaka leo.

Ikabaki boti. Nikajiandaa kwa vita.

"Mzee mwenyewe ndiye kasema?" mama akauliza.

"Ndiye."

"Basi twende. Niliyempigia magoti simkatalii."

Leo anameza vidonge vyake, analala chali, anakoroma. Joanitha naye siku hizi anaanza na tableti sakafuni.

Mitambo leteni, tunashukuru. Ila kabla hamjaiwasha, ulizeni kwanza watu wa hapo wanaamkianaje.