Wifi Alipokataa Kula

Mpaka leo mtu akianza kunisifia zile baa za Waingereza za mashambani, na dari zake za chini na mbwa wake waliolala mlangoni, damu inanichemka. Nimeingia humo mara moja tu maishani mwangu, na hiyo moja ilinitosha.

Mume wangu alifariki mwanzoni mwa miaka ya tisini, tukiishi Thamesmead, akaniachia binti mmoja aliyezaliwa hapa hapa London. Kwetu Bukoba baba akifa, kiti chake anakikalia shangazi. Kwa hiyo miaka kumi baadaye, binti alipoleta kijana wa Kizungu, fundi umeme, mpole asiye na makuu, nilimwambia wazi: kukuzaa nimekuzaa, lakini kukutoa si kazi yangu. Shangazi yako aje, aombwe. Usipoombwa utaolewa kama mtu asiye na kwao, na siku ndoa ikikushinda hutakuwa na mlango wa kubisha hodi. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba amesikia, ila kiangazi kile ataolewa, shangazi aombwe asiombwe.

Nikafanya shifti za ziada kwenye nyumba ya wazee nilikokuwa nikifanya kazi, nikamkatia wifi yangu tiketi. Alikuja kwa wiki mbili. Ya kwanza ikaisha baba wa kijana hajatokea. Huyo baba naye alikuwa amefiwa na mke, anaishi peke yake ukingoni mwa jiji upande wa Kent, pale ambapo kwenye ramani bado ni London lakini unakuta farasi na matope. Mwishowe akatuma salamu: karibuni Jumapili tule pamoja kwenye baa ya karibu na kwake.

Baa! Mtu anataka mtoto wa watu, badala ya kuja kwao kwa adabu anawaita baa. Nilipiga kelele jikoni mpaka jirani akagonga ukuta. Wifi ndiye aliyenituliza. "Hajui njia, tumfuate. Lakini sitagusa chakula chake mpaka aseme neno lake. Ukila cha mtu kabla hajasema shida yake, umeshamkubalia."

Nikamwuliza binti kama yule mzee anajua anachotakiwa kusema. Akasema amemwambia mchumba, na mchumba amemwambia baba yake. Alichomwambia hasa, sikujua. Na mimi nisingeweza kumfuata yule mzee nimfundishe. Mama wa binti hamwambii mwanamume, njoo uniombe mtoto. Hiyo si posa tena, hiyo ni kumtembeza binti kama sambusa.

Siku yenyewe wifi alivaa kitenge chake kizuri na kilemba, juu yake koti langu la baridi. Tulifika kabla ya wenzetu. Tukachagua meza karibu na moto, tukakaa, tukamsubiri mhudumu. Nyumbani ukishakaa tu, msichana anakuja, anakuuliza unakunywa nini, ya moto au ya baridi. Pale hakuja mtu. Kijana wa kaunta alituangalia, akaendelea kufuta glasi. Wazee wawili wakatugeukia, wakarudia vinywaji vyao.

"Hawa hawatuoni," wifi akaniuliza, "au hawataki kutuona?"

Nilikuwa nimekaa London zaidi ya miaka ishirini na sikujua kwamba kwenye baa zao unainuka mwenyewe ukaagize kaunta. Ningejulia wapi? Mama zao nimewaogesha, baba zao nimewalisha uji kwa kijiko, nimewafumba macho walipokufa. Hakuna aliyewahi kuniambia, dada, leo twende tukanywe. Hasira ilinipanda nikaona hata moto wa pale unanicheka.

Mzee akaingia na vijana wetu wawili nyuma yake, anacheka, mashavu mekundu, mguu mmoja anauburuta. Goti, alisema, bovu tangu zamani, daktari anataka kulipasua na yeye hataki. Alitupa mkono kwa furaha, akaenda kaunta, akarudi na glasi za bia nyeusi nyeusi. Ndiyo bia ya kienyeji ya kwao, haitiwi kwenye friji. Wifi yangu ni mnywaji wa heshima, bia yake huwa baridi mpaka chupa inatoka jasho. Aliigusa ile glasi kwa kidole kimoja.

"Hii wameipasha?"

"Ndivyo wanavyokunywa, wifi."

"Pole yao." Akaisogeza kando.

Mzee akainua glasi yake, akatutakia afya, akaishusha nusu. Nikajiambia sasa atasema. Akaanza mvua. Akamaliza mvua, akaingia kwenye mbwa wake, aina yake, umri wake, na namna alivyokula kiatu cha kanisani. Mimi natafsiri. Fikiria mwenyewe: mwanamke amepanda ndege kutoka Bukoba, amekalia kiti cha marehemu kaka yake, na mimi namtafsiria habari za kiatu.

Chakula kikaletwa. Nyama ya ng'ombe iliyookwa, viazi, na karoti zilizochemshwa mpaka zikakata tamaa. Wifi akaweka mikono mapajani.

"Mwambie ale, kinapoa," mzee akaniambia.

Nikatafsiri. Wifi akasema, "Mwambie asijali, namsubiri yeye."

Nikatafsiri hilo pia. Mzee akafikiri anasubiriwa aanze, basi akaanza! Akakata nyama, akatafuna, akatikisa kichwa kwa utamu. Alipoona wifi bado hali, akamsogezea chumvi. Kisha haradali. Kisha akauliza kama angependelea samaki. Nilimtazama mchumba, akashughulika na viazi vyake. Nilimtazama binti yangu, akainamisha macho. Wanaume wawili wazima mezani, na neno lenyewe halizidi sentensi moja. Nilitamani nimwagie mtu mchuzi.

Mchuzi ukaganda kwenye sahani ya wifi. Akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini, bila ugomvi wowote:

"Wifi, niitie teksi. Huyu hana haja na mtoto wetu."

Akaanza kuvaa koti. Jumatano alikuwa anapanda ndege. Nilijua akitoka pale ndiyo basi, atarudi nyumbani aseme hatukuombwa, na mimi nitasimama kwenye harusi ya mwanangu bila mtu hata mmoja wa ukoo wa baba yake.

Binti alikuwa amesikia. Kiswahili anakisikia chote, kukisema ndiko hataki, tangu shule ya msingi watoto walipomcheka. Akasukuma kiti nyuma. Akashuka chini, magoti yote mawili, kwenye zulia lile lenye bia iliyomwagika na manyoya ya mbwa, akakutanisha viganja kama nilivyomfundisha akiwa mdogo tulipokwenda kumsalimia bibi yake.

"Shikamoo, shangazi," akasema. "Mimi... mimi naomba. Nampenda huyu. Tafadhali useme ndiyo. Usiende."

Wifi akageuza uso upande.

"Inuka, mwanangu. Mtoto wa kike hajiombei."

Hakuinuka. Alibaki pale machozi yanamshuka kidevuni, na mchumba wake amesimama kama mti, hajui ashike wapi. Ndipo yule mzee akachungulia chini ya meza.

"Umedondosha hereni?" akauliza.

Hakungoja jibu. Akashika ukingo wa meza, akaguna kwa maumivu, akashusha goti zima, kisha lile bovu. Akainama mbele ya viatu vya wifi, akaanza kupapasa zulia kwa mikono miwili, kichwa chini.

Wifi akakiangalia kile kichwa chenye mvi. Koti likamteleza mabegani. Kwetu anayeomba hupiga magoti, na mzee wa watu mwenye mguu mbovu akishuka hivyo, anakuwa ameomba kwa roho yake yote. Niliona uso wa wifi unalainika. Nilifungua mdomo nimwambie ukweli, kwamba huyu anatafuta hereni. Binti akanitazama kutoka kule chini. Nikaufunga.

"Haya, imetosha," wifi akasema, akamshika bega. "Nimesikia. Nimekupa. Wifi, mwambie ainuke, goti lisije likamharibikia hapa."

Kijana akamwinua baba yake. "Anasemaje?" mzee akaniuliza huku anahema.

"Anasema ahsante," nikamjibu, meno nimeyabana.

Wifi akavuta sahani. Alikula vyote, nyama baridi, viazi baridi, mchuzi ulioganda, akaivuta na ile bia akainywa mpaka chini. Akaniagiza nyingine. Safari hii nilikwenda kaunta mwenyewe, nikasimama kwenye foleni na hasira zangu.

Ndoa ilifungwa, na ipo, nashukuru. Mzee ni mtu mwema, sitamsingizia, kila Krismasi ananitumia kadi yenye picha ya mbwa. Wifi alirudi Bukoba akasimulia kila msiba na kila harusi habari za Mzungu aliyeshuka na goti bovu kuomba mke kwa ajili ya mwanawe. Hadi anaingia kaburini aliisimulia. Sasa wanaisimulia wengine, na nikienda likizo naambiwa, yule mkwe wenu kweli ana adabu. Nami naitikia, nanywa chai yao, nanyamaza.

Lakini siku ile hereni zote mbili zilikuwa masikioni mwa binti, niliziona. Aliyepiga magoti kuomba ni mwanangu, na hakuna anayemtaja.